Kompyuta ya mtumba imegoma kupanda Windows mpya: tafuta dalili yako hapa

Kompyuta nyingi zinazofika mezani kwangu ni za mtumba: HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470, Lenovo ThinkPad T460 na ndugu zake. Zilitumika maofisini ughaibuni, zikauzwa kwa jumla, na leo zinabeba kazi za wanafunzi, maduka ya steshenari na ofisi ndogo hapa Dar es Salaam. Ni mashine ngumu na ninazipenda. Tangu Microsoft ilipofunga masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye nazo wanataka kupanda Windows 11, na wanaokwama njiani huja na malalamiko yaleyale.

Nimeyapanga kwa dalili. Kila dalili inaanza na sababu ninayokutana nayo zaidi na kipimo kisichohitaji bisibisi, kisha tunazama. Shika jambo moja tangu mwanzo: ubovu mwingi unaojitokeza siku ya kupiga Windows ulikuwemo siku ile ile uliponunua kompyuta. Diski iliyochoka inaweza kufungua barua na muziki miaka miwili bila kulalamika, lakini ukiitwisha makumi ya gigabaiti kwa saa moja inakuangusha. Kwa hiyo pima mashine kwanza, halafu ndiyo uilaumu Windows.

Kabla hujagusa chochote

Hamisha faili zako. Picha, vyeti, hesabu za duka, rasimu ya tasnifu, vyote viwe kwenye diski ya nje au flashi nyingine, na ufungue faili mbili tatu kutoka huko uone kama kweli zinafunguka. Nimewaona watu wazima wakilia mbele ya meza yangu kwa sababu ya hatua hii moja.

Pakua CrystalDiskInfo, programu ndogo ya bure, uiendeshe. Ikionyesha rangi ya njano au nyekundu, hasa kwenye mistari yenye namba 05, C5 au C6, diski inaelekea kufa. Usipige Windows juu yake. Okoa faili, badilisha diski, ndipo uendelee.

Tazama betri. Ikiwa kompyuta inakaa dakika kumi tu bila chaja, iunganishe na UPS au usubiri wakati ambao umeme kwenu hautarajiwi kukatika. Kama sehemu ya kugusia panya imenyanyuka, au kifuniko cha chini kimetuna, betri imevimba: zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, mpelekee fundi. Hapo hakuna la kujaribu nyumbani.

Dalili: Inasema kompyuta hii haifai kwa Windows 11

Mara nyingi ni kweli haifai. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, Secure Boot (ulinzi unaozuia mfumo usioaminika kuwaka), na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Soma namba ya prosesa yako: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-7300U ni cha 7, i5-8350U ni cha 8. Ndiyo maana 840 G3 inakataliwa na 840 G5 yenye prosesa ya kizazi cha 8 inakubaliwa, na ndiyo maana ThinkPad T480 inauzwa bei kubwa kuliko T470 ingawa kwa sura zinafanana kama mapacha.

Ikiwa prosesa yako ni ya kizazi cha 8 au zaidi na bado unakataliwa, tatizo liko kwenye mipangilio. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc. Ikisema TPM haipo, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla ya Windows (HP ni F10, Dell F2, ThinkPad F1), utafute TPM. Kwenye mashine nyingine za Intel imeandikwa PTT, za AMD fTPM. Iwashe. Kisha andika msinfo32 utazame mstari wa hali ya BIOS: ukisoma Legacy, aliyepiga Windows iliyopita alitumia mfumo wa zamani, na Secure Boot haiwezi kuwaka hapo.

Hilo linatibika bila kufuta. Windows 10 ina amri ya mbr2gpt, inayogeuza mpangilio wa diski kutoka MBR ya zamani kuwa GPT mpya. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, andika mbr2gpt /convert /allowFullOS, kisha nenda BIOS ubadilishe Legacy iwe UEFI, mfumo mpya wa kuwashia. Ikikataa, hesabu vipande vya diski (partition): vikiwa vikuu vinne, amri haina nafasi ya kufanyia kazi. Usianze kufuta kipande usichokijua. Na usibadilishe Legacy kuwa UEFI kabla ya kugeuza diski, maana kompyuta haitawaka mpaka urudishe.

Sasa, mwenye prosesa ya zamani afanye nini? Programu ya Rufus inaweza kutengeneza flashi ya kupigia Windows inayoruka ukaguzi huo, na Windows 11 ikaingia kwenye kizazi cha 6 ikafanya kazi vizuri tu. Ila Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine hizo, na matoleo makubwa ya kila mwaka huenda ukalazimika kuyapiga mwenyewe kwa mkono. Kwa Core 2 Duo hata mlango huo umefungwa: kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 inahitaji maelekezo ambayo prosesa hizo hazina, hivyo haiwaki kabisa. Njia nyingine ni kubaki Windows 10 kwa mpango wa muda wa masasisho ya usalama, ambao kwa watu binafsi unaishia 13 Oktoba 2026.

Ushauri wangu ni huu. Kama kazi yako ni intaneti, kuandika na kutazama video, weka Linux Mint toleo la Xfce. Mint 22 itapata masasisho hadi 2029 na inakwenda vizuri kwenye RAM ya GB 4. Kama unategemea programu ya uhasibu inayotaka Windows, au una biashara yenye taarifa za wateja, weka akiba ununue ya kizazi cha 8. Kuruka ukaguzi ninakufanya kwa anayenielewa nikimweleza hatari yake, simfanyii mtu kimyakimya.

Dalili: Nimechomeka flashi lakini kompyuta inawaka Windows ya zamani

Sababu ya kwanza ni kitufe. HP unabonyeza F9, Dell F12, ThinkPad F12, na unaanza kugonga mara tu unapowasha, si baada ya nembo kutoka. Windows 10 ukiizima kwa kawaida haizimiki kabisa, inalala nusu, ndiyo maana wengi huwahi kitufe na bado wanapitwa. Chagua kuwasha upya badala ya kuzima, kisha gonga kitufe mfululizo. Acer nyingi zina F12 iliyofungwa. Ingia BIOS kwa F2 uifungue kwanza.

Sababu ya pili ni flashi yenyewe kutengenezwa vibaya. Kunakili faili ya ISO (Windows nzima ndani ya faili moja) kwenye flashi kama unavyonakili wimbo hakutoshi. Inabidi ipigwe kwa programu ya Microsoft ya kutengenezea flashi au kwa Rufus, na flashi iwe ya GB 8 au zaidi. Anayenakili mwenyewe yaliyomo ndani ya ISO hukumbana na kikwazo kingine: mpangilio wa FAT32 haupokei faili moja inayozidi GB 4, na faili kuu ya Windows mara nyingi inazidi hapo.

Tatu, flashi bandia. Ziko nyingi sokoni zimeandikwa GB 64 na ndani ni 8. Hizi zinakubali kupigwa, zinawaka, halafu zinafia katikati zikidai faili imeharibika au draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) imekosekana. Ukiuona ujumbe huo kwenye kompyuta ya zamani, usikimbilie kutafuta draiva. Hamisha flashi tundu jingine, kisha jaribu flashi nyingine, kisha pakua ISO upya. Najua bando ni ghali na faili ina GB 5 au zaidi, kwa hiyo anza na tundu.

Dalili: Flashi imewaka, lakini diski haionekani au inakataliwa

Zipo hali mbili, usizichanganye.

Diski inaonekana ila Windows inasema haiwezi kuwekwa humo, ikitaja GPT au MBR: flashi imewaka kwa mfumo tofauti na diski. Anzisha upya, na kwenye orodha ya F9 au F12 chagua mstari wa flashi ulioandikwa UEFI. Wengine watakuelekeza ubonyeze Shift na F10 uandike diskpart kisha clean. Inafanya kazi, na inafuta diski nzima bila kuuliza mara ya pili. Fanya hivyo tu kama faili ziko salama kwingine, na kama diski ya nje umeichomoa, maana ukikosea namba umefuta nakala yako mwenyewe.

Diski haionekani kabisa: kwenye Dell angalia BIOS kama diski imewekwa RAID. Kwa usakinishaji mpya unaofuta kila kitu, iweke AHCI na itaonekana. Kama bado unaitaka Windows iliyomo, usiguse mpangilio huo. Ukiugeuza ghafla, Windows ya zamani itawaka kwa kioo cha bluu. Rudisha ulivyoikuta na itapona. Kompyuta nyingi za Intel kizazi cha 11 na kuendelea zinahitaji draiva ya diski kutoka kwa mtengenezaji, uiweke kwenye flashi na kuipakia wakati wa kuchagua diski.

Ikiwa hata BIOS haiioni, diski imelegea au imekufa. Kuifungua kompyuta kuikaza ni kazi ya dakika tano kwa anayejua. Kama hujawahi, muone fundi.

Dalili: Imefika asilimia fulani ikaganda, au imerudi yenyewe Windows ya zamani

Kwanza, subira. Kwenye diski ya kuzunguka (HDD), asilimia inaweza kusimama pale pale saa nzima na kazi inaendelea. Angalia taa ndogo ya diski. Ikimetameta, iache. Mimi huipa saa tatu kabla sijaigusa. Taa ikizima kabisa kwa muda mrefu ndipo unabonyeza kitufe cha kuwashia mpaka izime.

Ikirudi Windows ya zamani, iandike namba ya kosa. 0x80070070 ni nafasi: safisha diski ubaki na angalau GB 25 hadi 30. Namba inayoanza na 0xC1900101 mara nyingi ni draiva: chomoa printa, modemu na kila kilichochomekwa, ondoa antivaira uliyojiwekea, sasisha draiva ya kioo na Wi-Fi, ujaribu tena. 0x800f0922 huhusiana na kipande kidogo cha mfumo kilichojaa. Ikiwa kipande hicho kimebana sana, kupiga upya kwa kufuta ni njia fupi na safi kuliko kuhangaika kukipanua.

Ikizima ghafla katikati, bila ujumbe wowote, sikiliza feni na gusa upande wa chini. Mashine ya miaka minane yenye vumbi na gundi ya joto iliyokauka hujizima ikizidiwa. Isafishwe feni, iwekwe gundi mpya, kisha urudie. Wengi hawaamini kwamba vumbi linaweza kuzuia Windows kuingia, mpaka waone pumba inayotoka mle ndani.

Kioo cha bluu kinachobadilisha ujumbe kila mara kinanielekeza kwenye RAM. Andika mdsched uipime. Ikiwa zipo mbili, chomoa moja, jaribu, kisha badilisha. Betri itoke kwanza, na chaja isiwepo.

Dalili: Imemaliza kuingia, sasa kioo ni cheusi au inadai ufunguo

Kioo cheusi wakati feni inazunguka: bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B, kunaamsha upya draiva ya kioo. Kisha unganisha kioo cha nje. Kikionyesha picha, Windows ni nzima na shida ni draiva, mwanga uliozimwa au waya wa kioo.

Ikidai ufunguo wa tarakimu 48, diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha faili, na huenda umegusa kitu BIOS. Ufunguo hutafutwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuifunga. Bila ufunguo huo hakuna fundi anayeweza kuzirudisha faili, hata akikuahidi kwa bei gani. Jaribu kurudisha mpangilio wa BIOS ulivyokuwa. Wakati mwingine inakubali.

Ikiwa umepanda kutoka toleo la zamani bila kufuta na hupendi ulichokipata, una siku 10 za kurudi. Usifute folda ya Windows.old ndani ya siku hizo.

Dalili: Inawaka vizuri, lakini ni nzito haifai

Siku ya kwanza na ya pili iache iwake saa kadhaa ikiwa na chaji na intaneti. Inapakua masasisho na kupanga faili zake. Baada ya hapo bonyeza Ctrl, Shift na Esc, tazama safu ya diski.

Ikikaa asilimia 100 wakati hufanyi kitu, na diski ni ya kuzunguka, umeshapata jibu. Hakuna usafishaji, hakuna programu ya kuongeza kasi, hakuna kupiga Windows upya kutakakokusaidia. Weka SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Kwa kompyuta nyingi za miaka hiyo ni ya inchi 2.5 inayochomekwa pale pale ilipokuwa ya zamani. GB 240 zinatosha kwa mtu wa kawaida. Nimepachika SSD kwenye mashine ambazo wenyewe walishaamua kuziuza kama vyuma chakavu, wakaondoka nazo wakiwa na furaha ya mtu aliyenunua mpya. Nikiwa na mteja mwenye pesa ya kitu kimoja tu, SSD au Windows mpya, namwambia aanze na SSD.

Kama diski imetulia lakini RAM imejaa, ongeza. GB 4 zinakubalika kwenye karatasi za Microsoft, ila ukifungua kivinjari chenye kurasa kumi zimekwisha. GB 8 ndiyo heshima. Kabla ya kununua hakikisha kama ni DDR3 au DDR4, maana haziingiliani.

Dalili: Hakuna Wi-Fi wala sauti

Chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya wa USB, washa ugawaji wa intaneti kwa USB. Kompyuta itapata mtandao bila draiva yoyote ya Wi-Fi. Endesha masasisho ya Windows pamoja na yale ya hiari, na mara nyingi draiva zote huingia. Zikibaki, nenda tovuti ya mtengenezaji kwa namba ya mashine iliyobandikwa chini. Jihadhari na programu zinazojinadi kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nyingi huja na uchafu.

Dalili: Saa inarudi nyuma, tovuti zinasema si salama, leseni haikubali

Betri ndogo ya saa imekwisha, ile ya mviringo ya CR2032. Kompyuta ikizimwa na kuchomolewa inasahau tarehe, na tarehe ikiwa ya miaka iliyopita vyeti vya tovuti, masasisho na leseni vyote vinakataa. Rekebisha saa kwa mkono ujaribu. Ikikubali, badilisha betri. Gharama yake ni ndogo.

Saa ikiwa sahihi na leseni bado inagoma, huenda umepiga Pro kwenye mashine iliyokuja na Home, au kinyume chake. Kompyuta zilizotoka na Windows 8 au za baadaye kwa kawaida zimehifadhi ufunguo wake kwenye ubao mama, hivyo toleo likilingana leseni hukubali yenyewe. Kama muuzaji alitumia leseni ya kuibia, inaweza kukwisha au kukuletea virusi. Siweki hizo kwenye kompyuta ya mtu ambaye anaingia benki humo humo.

Dalili: Baada ya kupiga Windows, imetokea jina la kampuni ya kigeni

Inakukaribisha kwa jina la taasisi usiyoijua na inadai barua pepe ya kazini. Mashine hiyo bado imesajiliwa kwa mmiliki wake wa kwanza kupitia mfumo wa Microsoft wa kusimamia kompyuta za ofisi. Usajili uko kwenye seva na unaitambua kwa ubao mama, kwa hiyo kufuta diski au kuweka SSD mpya hakuuondoi. Ni taasisi hiyo pekee inayoweza kuiachia.

Inaweza kuwa walisahau walipoiuza. Inaweza pia kuwa imeibwa. Usimlipe mtu akupitishe mlango wa nyuma, na BIOS yenye nenosiri usikubali ichomwe chipu na mtu anayejaribu bahati. Zima, ichukue na risiti yako, irudishe kwa aliyekuuzia uidai nyingine. Na utakapokabidhiwa hiyo nyingine, kabla hujatoka dukani, omba ipigwe Windows upya ikiwa imeunganishwa na intaneti, usimame hapo mpaka uione inakuuliza jina lako.